Patisheni zimepotea baada ya kupandisha Windows 10 kwenda 11: mwongozo kamili wa kurudisha jedwali la diski bila kupoteza faili

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na watu wengi wamepandisha kompyuta zao kwenda Windows 11. Wanaokwama hukwama mahali pamoja. Kompyuta inawaka lakini diski D haifunguki. Au Ubuntu (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta) iliyokuwa imekaa pembeni ya Windows haionekani tena. Au skrini inabaki nyeusi na maneno ya GRUB (programu inayowasha Ubuntu), "grub rescue>". Hapo Windows inatoa pendekezo, mtu anabofya OK, na kazi ndogo inageuka kuwa ya kumlipa mtaalamu wa kurejesha data.

Shika jambo moja tangu sasa: usiandike chochote kwenye diski hiyo mpaka ujue ni kitu gani kimeharibika.

Patisheni ni kipande cha diski, kama C au D, na jedwali la patisheni ni mfano wa daftari la ardhi. Linasema kiwanja kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Daftari likiungua, nyumba hazijabomoka. Kwenye diski ya mtindo wa GPT yenye sekta za baiti 512, jedwali hukaa kwenye sekta 34 za mwanzo, yaani kama kilobaiti 17 tu, na nakala yake hukaa kwenye sekta 33 za mwisho wa diski. Mtindo wa zamani, MBR, huweka jedwali lake kuu kwenye sekta ya kwanza peke yake na hauna nakala ya mwisho. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua njia utakayopita huko mbele.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta nyingine inayofanya kazi.
- Flashi ya GB 8 au zaidi ya kuwekea Ubuntu ya kuendesha moja kwa moja bila kuisakinisha. Rufus au balenaEtcher itakuandalia.
- Diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko diski nzima yenye tatizo, isiyo na kitu unachokihitaji. Isiwe FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Tumia exFAT au NTFS.
- Ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linaloficha data ya diski) wenye tarakimu 48, kama diski ilikuwa imefungwa. Uutafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kupitia aka.ms/myrecoverykey kabla hujagusa chochote. Wengi hawajui kwamba diski yao imefungwa mpaka siku wanapoulizwa ufunguo.
- Chaja na umeme wa uhakika. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS.
- Simu ya kupiga picha kila skrini unayopita. Usitegemee kumbukumbu ya kichwani.

Ukishawasha kwa flashi na kuchagua kujaribu Ubuntu, unganisha intaneti, fungua dirisha la amri uandike:

`sudo add-apt-repository universe`
`sudo apt update`
`sudo apt install testdisk gdisk gddrescue smartmontools`

Angalia herufi: ni gddrescue, si ddrescue. Hiyo ya pili ni programu nyingine kabisa.

## Vitu vya kutogusa

Ukiona dirisha la "Initialize Disk", funga. Ukiona "You need to format the disk in drive D: before you can use it", bofya Cancel.

Usiendeshe `chkdsk /f` katika hatua hii. Kazi yake ni kutengeneza mpangilio wa faili ndani ya patisheni, na inaamini kwamba mipaka ya patisheni ni sahihi. Mipaka ikiwa imekosewa, itatengeneza vibaya kilichokuwa kizima.

Usisakinishe Windows upya juu yake. Usiandike `clean` ndani ya diskpart, hata kama video uliyoitazama imesema hivyo.

Kwa wenye SSD (diski isiyo na sahani zinazozunguka) onyo ni kali zaidi. Patisheni ikifomatiwa, mfumo huiambia SSD kwamba sehemu hizo hazitumiki tena, na SSD hujisafisha yenyewe. Kwenye diski ya sahani zinazozunguka, fomati ya haraka huacha data nyingi nyuma. Kwenye SSD unaweza kurudi baada ya dakika chache ukakuta sufuri tupu.

## Hatua ya 1: Hakikisha diski yenyewe inaonekana

Ndani ya Ubuntu andika:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,FSTYPE,LABEL`

Tafuta diski yako kwa ukubwa na jina la mtengenezaji. Usiitambue kwa herufi. Kwenye laptopu yenye NVMe (aina ya SSD), diski ya ndani huitwa `/dev/nvme0n1`, na `/dev/sda` inaweza kuwa flashi yako mwenyewe. Katika mifano yote hapa naandika `/dev/sda`. Wewe weka jina la diski yako.

Diski isipoonekana kabisa, tatizo si jedwali. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka. Kama inaonekana huko lakini Ubuntu haiioni, tazama mpangilio wa hifadhi: huenda umewekwa kwenye Intel RST. Badilisha uwe AHCI kwa ajili ya ukaguzi huu, kisha urudishe ulivyokuwa kabla ya kuwasha Windows, la sivyo Windows itagoma kuwaka. Kinyume chake pia hutokea: BIOS ikihuishwa au ikirudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, AHCI inageuka kuwa RST bila mwenye kompyuta kujua, naye anafikiri patisheni zimefutika.

Kuna jambo jingine kwa waliotoa diski ndani na kuichomeka kwa kasha la USB. Baadhi ya makasha hayo huionyesha diski kana kwamba ina sekta za baiti 4096 badala ya 512. Jedwali zima linasomwa kwa kipimo kisicho chake, na diski inaonekana tupu. Kabla ya kuhangaika, ichomeke ndani ya kompyuta moja kwa moja.

Umefaulu ukiona: diski imetajwa, na ukubwa wake ni sahihi.

## Hatua ya 2: Pima afya

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Kwa diski ya SATA tazama mistari ya `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Namba ya mwisho kulia iwe sufuri. Kwa NVMe tazama `Media and Data Integrity Errors`.

Sekta zinazosubiri zikiwa zaidi ya sufuri, diski inaanza kufa, na kazi ya kupandisha mfumo, ambayo husoma na kuandika mno, imeudhihirisha ugonjwa uliokuwepo. Usiipekue. Nenda hatua ya 3 mara moja.

Diski ikitoa mlio wa kugonga-gonga, zima kompyuta. Hapo hakuna amri ya kukusaidia, na kila sekunde inayozunguka inaikwangua. Kama data ni ya thamani, ipeleke kwa anayefungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi.

## Hatua ya 3: Chukua nakala ya diski nzima

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu ni ndefu na inahitaji diski nyingine. Nakuomba usiiruke. Ukiwa na nakala, kosa lolote utakalofanya mbele linarekebishika.

`sudo ddrescue -d -n /dev/sda /media/ubuntu/NJE/nakala.img /media/ubuntu/NJE/nakala.map`

NJE ni jina la diski yako ya nje. Chanzo kinatangulia, mafikio yanafuata. Soma mstari huo mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

Faili la `.map` linakumbuka ulipofikia. Umeme ukikatika katikati, washa tena, rudia amri ile ile, na kazi itaendelea kutoka pale ilipoachia. Kwa diski yenye sekta mbovu, rudia baadaye ukiwa umeondoa `-n` na kuweka `-r3`, ili ijaribu mara tatu zaidi zile sehemu ngumu.

Diski ya TB 1 inayosomwa kwa MB 100 kwa sekunde huchukua karibu saa tatu. Kwa tundu la USB 2.0 itakula usiku mzima au zaidi, hivyo tafuta tundu la USB 3.

Kama kweli huna diski ya kutosha, hifadhi angalau kingo zote mbili kwenye flashi nyingine. Ingia kwanza kwenye folda ya flashi hiyo, kisha:

`sudo dd if=/dev/sda of=mwanzo.bin bs=1M count=4`
`sudo dd if=/dev/sda of=mwisho.bin bs=512 skip=$(( $(sudo blockdev --getsz /dev/sda) - 2048 ))`

Hii inalinda jedwali tu. Haizilindi faili zako.

Umefaulu ukiona: ddrescue imesema "Finished", na faili la `.img` lina ukubwa sawa na diski.

## Hatua ya 4: Tambua kilichoharibika

`sudo gdisk -l /dev/sda`

Amri hii inasoma tu, haiandiki. Soma mistari ya juu kabisa, kisha jitambue kati ya hali hizi.

Hali A. Imeandika "GPT: damaged", au onyo "invalid main GPT header, but valid backup". Jedwali la mwanzo limeharibika, nakala ya mwisho ni nzima. Hii ndiyo bahati njema. Nenda hatua ya 5.

Hali B. Imeandika "MBR: MBR only" na "GPT: not present". Diski yako ni ya mtindo wa zamani. Chini yake gdisk huongeza kwamba inageuza MBR kuwa GPT kwenye kumbukumbu. Usitishike: hakuna kilichoandikwa bado. Lakini usije ukafungua gdisk na kubonyeza `w` hapa, maana ndipo ugeuzaji utakapokuwa wa kweli na kompyuta ya mtindo wa zamani itakataa kuwaka. Kama kuna patisheni iliyopotea, nenda hatua ya 6.

Hali C. "MBR: protective", "GPT: present", hakuna onyo, lakini patisheni moja haimo kwenye orodha. Nenda hatua ya 6. Ikiwa imo kwenye orodha na `lsblk` inaonyesha ntfs, basi haijapotea. Imekosa herufi tu. Kwenye Windows fungua Disk Management, bofya kulia juu yake, uipe herufi.

Hali D. Patisheni zote zimo na zina mifumo yake ya faili. Jedwali ni zima, kilichoharibika ni njia ya kuwasha. Nenda hatua ya 7, na usiguse jedwali hata kidogo.

Ukiona `BitLocker` kwenye safu ya FSTYPE, hilo si kosa. Ni patisheni nzima iliyofungwa, na inahitaji ufunguo.

Ukikuta patisheni usiyoitambua ya mamia ya megabaiti, yenye msimbo 2700, ni ya urejeshaji wa Windows. Wakati wa kupandisha, Windows inaweza kuipunguza C na kuiunda hiyo kwenye nafasi iliyopatikana. Iache.

## Hatua ya 5: Rudisha GPT kutoka nakala ya mwisho wa diski

`sudo gdisk /dev/sda`

Kisha bonyeza herufi moja moja, ukimaliza kila moja kwa Enter:

1. `r` inafungua menyu ya uokoaji.
2. `b` inajenga upya kichwa cha jedwali kutoka nakala ya mwisho.
3. `c` inapakia orodha ya patisheni kutoka nakala hiyo hiyo. Jibu `Y`.
4. `p` inaonyesha orodha. Simama hapa. Je, idadi na ukubwa wa patisheni ni ule unaoujua?
5. `v` inakagua. Unataka kusoma "No problems found".
6. `w` inaandika.

Mpaka kabla ya `w`, kila kitu kiko kwenye kumbukumbu tu. Ukiwa na shaka yoyote bonyeza `q`, utatoka na diski itabaki ilivyokuwa.

Waliohamisha diski ndogo kwenda SSD kubwa wakati wa kupandisha hukuta lalamiko tofauti: nakala ya jedwali haiko mwisho wa diski, imebaki pale diski ya zamani ilipokuwa inaishia. Hapo `sudo sgdisk -e /dev/sda` inaihamisha mahali pake.

Umefaulu ukiona: "The operation has completed successfully", na baada ya kuwasha upya `lsblk` inaonyesha patisheni zote.

## Hatua ya 6: Tafuta patisheni zilizopotea kwa TestDisk

TestDisk haisomi jedwali peke yake. Inapita kwenye diski ikitafuta alama ambazo kila mfumo wa faili huziweka mwanzoni mwake, na kutoka hapo inakadiria mipaka. Kwa hiyo hupata hata patisheni za zamani ulizozifuta miaka iliyopita, na hapo ndipo watu wanapokosea: wanakubali kila kinachopatikana.

Anza na `sudo testdisk`. Chagua Create, kisha diski yako. Itauliza aina ya jedwali: EFI GPT kama ulikuwa kwenye Hali C, Intel kama ulikuwa kwenye Hali B. TestDisk hupendekeza yenyewe, lakini jedwali likiwa limeharibika pendekezo hilo linaweza kuwa la uongo. Amini ulichokiona kwenye hatua ya 4.

Chagua Analyse, kisha Quick Search.

Sasa, kwa kila patisheni iliyotokea, weka mshale juu yake ubonyeze `P`. Inafungua orodha ya faili. Ukiona majina ya folda zako, patisheni ni ya kweli na mipaka yake ni sahihi. Ikisema haiwezi kufungua, huenda ni mabaki, au imefungwa kwa BitLocker; linganisha ukubwa kabla ya kuihukumu. Rudi kwa `q`.

Zikiwa hazijatimia, endelea na Deeper Search. Inachukua muda mrefu, na italeta mabaki mengi zaidi.

Kanuni ya kuchagua: chukua zile zinazofungua faili na zisizoingiliana. Tumia mishale ya kushoto na kulia kubadilisha alama. `D` maana yake haitarudishwa. Chini pawe pameandikwa "Structure: Ok". Ikiwa "Structure: Bad", kuna mbili zinazogombea sehemu moja ya diski, na moja lazima ibaki `D`.

Kabla ya kuandika, kama kuna faili usiloweza kulikosa, linakili sasa hivi. Kwenye orodha ile ya `P`, bonyeza `a` kuchagua zote, kisha `C` kubwa, nenda kwenye diski ya nje, bonyeza `C` tena. Nimeona hii ikitosha kabisa kwa mtu aliyehitaji tasnifu yake na picha za familia tu. Hakukuwa na sababu ya kugusa jedwali siku hiyo.

Ukiridhika, chagua Write, jibu `Y`, washa upya.

Kama patisheni imerudi lakini Windows inaiita RAW (yaani haitambui mfumo wake wa faili), huenda sekta yake ya kwanza imeharibika. NTFS huweka nakala ya sekta hiyo mwisho wa patisheni. Ndani ya TestDisk chagua Advanced, patisheni husika, kisha Boot. Ikionyesha kwamba ya mwanzo ni mbaya na nakala ni nzima, chagua Backup BS.

Umefaulu ukiona: patisheni inafunguka kwa kusomwa tu, kwa `sudo mount -o ro /dev/sda3 /mnt`, na picha na nyaraka zinafunguka. Majina ya faili pekee si ushahidi. Fungua kumi za folda tofauti.

## Hatua ya 7: Rudisha njia ya kuwasha

Windows haiwaki, kompyuta ni ya UEFI (njia mpya ya kuwasha; ya zamani huitwa Legacy). Washa kwa flashi ya kusakinisha Windows, bonyeza Shift+F10, andika `diskpart`, kisha `list vol`. Tafuta patisheni ndogo ya FAT32, mara nyingi ya MB 100 hadi 300. Kama namba yake ni 3:

`sel vol 3`
`assign letter=S`
`exit`
`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

Hakikisha kwanza Windows yako imepewa C kwenye orodha ile, kwa sababu ndani ya flashi herufi hubadilika. Jibu unalotaka ni "Boot files successfully created."

Windows inawaka, Ubuntu haionekani. Mara nyingi ni mpangilio wa nani atangulie tu. Kwa flashi ya Ubuntu, andika `sudo efibootmgr`. Ukiona ubuntu ni 0003 na Windows ni 0000, andika `sudo efibootmgr -o 0003,0000`.

"grub rescue>" kwenye diski ya MBR. Namba za patisheni zimesogea baada ya nyingine kuongezwa au kufutwa. Andika `ls`, kisha jaribu moja moja, mfano `ls (hd0,msdos6)/boot/grub`, mpaka upate iliyo na faili. Halafu:

`set root=(hd0,msdos6)`
`set prefix=(hd0,msdos6)/boot/grub`
`insmod normal`
`normal`

Ubuntu ikishawaka, endesha `sudo grub-install /dev/sda` na `sudo update-grub`, la sivyo utarudi pale pale kesho.

## Kwa waliokataliwa kwa sababu ya MBR

Wapo ambao hawajapoteza kitu bado, ila Windows 11 inakataa kusakinishwa ikisema diski ina jedwali la MBR. Ushauri unaozunguka ni `clean` kisha `convert gpt`. Hiyo inafuta patisheni zote.

Windows 10 tangu toleo 1703 ina chombo chake cha kugeuza bila kufuta. Chukua nakala kwanza, sitisha BitLocker, fungua dirisha la amri kama msimamizi:

`mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS`

Ikipita, rudia ukiweka `/convert` badala ya `/validate`. Masharti yake: patisheni kuu zisizidi tatu, pasiwe na patisheni iliyopanuliwa (extended), na mwanzo na mwisho wa diski pawe na nafasi ya majedwali mapya. Penye Ubuntu kwenye diski hiyo hiyo ukaguzi unaweza kukataa. Ukikataa, usilazimishe.

Ukimaliza, ingia BIOS ugeuze kuwasha kutoka Legacy kwenda UEFI kabla ya kitu kingine chochote. Anayesahau hapa huona skrini nyeusi na kudhani ameharibu diski, wakati kompyuta inatafuta tu njia ya zamani ambayo haipo tena.

## Mara tu diski inapokuwa nzima

`sudo sgdisk --backup=jedwali.gpt /dev/sda`

Faili hilo halifiki kilobaiti 20. Jitumie kwa barua pepe, liweke pia kwenye flashi, wala si kwenye diski hiyo hiyo. Kwa diski ya MBR tumia `sudo sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt`. Jedwali la GPT likipotea tena, `sudo sgdisk --load-backup=jedwali.gpt /dev/sda` inalirudisha, mradi hukubadilisha ukubwa wa patisheni tangu ulipolihifadhi. Kwa hiyo chukua jipya kila baada ya kuzigusa patisheni, na jingine usiku wa kuamkia kupandisha mfumo.